Jeraha la gongo lisiandikwe la kisu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na matabibu wenzangu wanaojaza PF3, ile fomu ya polisi ya kueleza majeraha, kila siku, na pia na ndugu wa majeruhi, maana ndio wanaoibeba fomu hiyo kutoka kituo cha polisi hadi hospitali na kuirudisha.

Kabla ya kustaafu niliwahi kuletewa kijana aliyeumia kichwani, juu kidogo ya sikio. Jeraha lilikuwa la sentimita nne hivi, limenyooka kama limepigwa rula. Foleni ilikuwa ndefu. Nikamshona, nikaandika kwamba amekatwa na kitu chenye makali, nikagonga muhuri. Miezi ikapita, nikaitwa mahakamani. Kielelezo kilicholetwa kilikuwa mpini wa jembe. Wakili wa utetezi aliniuliza swali moja tu: makali ya mpini huu yako wapi? Sikuwa na jibu. Mshtakiwa aliachiwa, na yule kijana akanitazama nilipokuwa nashuka kizimbani. Macho yale sijayasahau.

Ngozi ya kichwa imelala juu ya mfupa. Ikipigwa na gongo hubanwa kati ya gongo na fuvu, ikapasuka kwa mstari ulionyooka, na mtu mwenye haraka atadhani ni panga. Ukweli umo ndani ya jeraha. Osha damu, panua kingo taratibu, mulika. Palipopasuka utaona nyuzinyuzi za mishipa midogo na neva zimevuka kutoka upande huu hadi ule bila kukatika, kingo zimechubuka, mizizi ya nywele imepondeka. Kisu hakiachi uzi; kingo zake ni safi, na hata nywele huzikata. Kazi hiyo ni ya dakika mbili, lakini ifanyike kabla ya kushika sindano, kwa sababu ukishashona hakuna atakayeyaona tena.

Majina mengine ya majeraha tunayajua sote: mchubuko, damu kuvilia, jeraha la kukatwa ambalo urefu wake unazidi kina, na la kuchomwa ambalo kina kinazidi urefu.

Linaloniuma zaidi ni hili la damu kuvilia. Mama amepigwa usiku, asubuhi yuko mbele yako, ngozi yake nyeusi haionyeshi kitu, nawe unaandika "hana jeraha". Damu iliyovuja ndani sana huweza kuchukua siku nzima au zaidi kufika juu. Mguse panapouma, andika uvimbe na maumivu yake, umwambie arudi baada ya siku mbili umtazame tena. Tena damu hiyo hutembea: aliyepigwa kipaji cha uso huamka macho yamevimba na kuiva, ilhali hakuna aliyemgusa jicho. Na mtu asikubane utaje siku ya kipigo kwa kutazama rangi. Umanjano hauonekani kabla ya saa 18 hivi; zaidi ya hapo rangi peke yake haikupi tarehe.

Mikono nayo msiiruke. Anayejikinga rungu huinua mkono, akaumia kwenye kigasha, upande wa kidole cha mwisho. Anayejikinga kisu hukishika, akakatwa kiganja. Vitu hivyo visipoandikwa, mahakama haitajua kwamba mtu huyu alikuwa akijitetea.

Kuhusu ukubwa wa madhara, Kanuni ya Adhabu haihesabu nyuzi ulizoshona. Inauliza kama kiungo kimelemaa, kama afya imeharibika vibaya au moja kwa moja, kama sura imebaki na kasoro ya kudumu. Jicho lililopofuka bila hata tone la damu kutoka ni madhara makubwa kuliko mchubuko wa mgongo mzima.

Ndugu wa majeruhi, kabla hamjaondoka ombeni msomewe fomu. Iseme jeraha liko sehemu gani ya mwili, urefu wake kwa sentimita, kina chake, na kingo zake zikoje. Ikiwa imeandikwa "amejeruhiwa" tu, rudini kwa tabibu siku hiyohiyo, maana kesho jeraha litakuwa limeanza kufunga.

Tabibu mstaafu,
Tanga