Insulini inapiga hodi tu, haibebi sukari

Mhariri, mi gazeti lenu nalisoma tangu enzi nafundisha bayolojia na sijawahi kuwaandikia hata siku moja, ila ile habari yenu ya kisukari imenishinda. Eti insulini, ile homoni ya kushusha sukari kwenye damu, "inaingia kwenye seli na kuibeba sukari". Inaibeba na nini, toroli?

Insulini inapiga hodi tu. Inagusa kipokezi, yaani protini ya kupokea ujumbe, pale kwenye utando wa seli (utando, sio ukuta kama mlivyoandika, ukuta ni wa mimea), basi, waliomo ndani ndo wanapokezana habari, protini hii inaibandika mwenzake kijikemikali kinaitwa fosfeti, mwenzake naye anaamsha nyingine, mpaka kwenye misuli vile vijimlango vya kupitishia sukari vilivyokuwa vimekaa stoo vinapandishwa juu kwenye utando. Mwenye kisukari aina ya pili mara nyingi hodi inapigwa sana tu, wa ndani ndo hawaitiki.

Mnaona madogo haya? Shemeji yangu hapa Nkuhungu yuko kwenye vidonge mwaka wa sita, kasoma gazeti lenu akasema kumbe mi insulini ndo hainitoshi, akaenda kwa jirani kuazima sindano, kuazima, kama mtu anaazima chumvi! Akajidunga na hajala kitu. Saa saba usiku dada ananipigia analia, nafika na bajaji nakuta mzee mzima sukari imemshuka, anatetemeka, jasho chapachapa, ananiuliza we nani, tukamnywesha soda kidogokidogo ndo akaanza kueleweka. Na hata kule kutetemeka ni ujumbe, adrenalini hiyo, homoni ya mshtuko, nayo ikifika kwenye ini inapiga hodi mlango wake tofauti, ndani anatumwa mjumbe mwingine kabisa anaitwa saikliki AMP, ini linafungua akiba ya sukari. Mwanasayansi Mmarekani Earl Sutherland mwaka 1971 kapewa Nobel kwa kumgundua huyo mjumbe, nyie mpaka leo mko na toroli.

Halafu wale wa spika sokoni na "dawa ya kusafisha seli" yao kwenye chupa za maji zilizookotwa, mmewapa tangazo chini ya habari hiyohiyo. Seli inasafishwa na nini, dekio?

Mwandishi wenu aje kwangu Jumamosi. Nitamuacha nje ya geti apige hodi mpaka saa saba mchana, na jua la Dodoma mnalijua, sisi tuko ndani tunakula zabibu, tunamsikia wala hatuitiki. Akichoka arudi akaandike upya.

Mwalimu mstaafu,
Nkuhungu, Dodoma