Mwanangu, mtoto akiongea usimkate

Marahaba mama. Salamu zako nimeziona kwenye grupu la familia, na hiyo klipu ya darasa lako la Kiingereza huko Vietnam pia nimeiona, nimeiangalia mara nne kama sio tano. Nakuandikia huku pembeni kwa sababu kule kwenye grupu kila mtu anacheka, baba yako mdogo kashairusha mpaka kwa watu wa kwaya, na mimi sijacheka. Mama yako kaniambia mwache mtoto, yuko mbali, anajifurahisha. Sawa, lakini usiku sijalala vizuri.

Yule binti kasimama na ile nguo yao nyeupe ndefu, kashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, anasema "My mother very tired. She work company cashew. Every day she go home late and after that..." hapo darasa linaangua kicheko, na wewe sauti yako naisikia nyuma ya simu, unacheka, klipu inakatika. Sasa nikuulize mama, ulicheka nini? Najua utasema baba 'is' haipo, 's' haipo, mtoto wa darasa la 11 kasoma Kiingereza miaka na miaka bado anaongea hivyo. Nimeyasikia yote hayo, nimesahihisha madaftari miaka 31. Ila kabla ya hayo nimesikia mtoto anasema mama yake amechoka.

Na hiyo 'is' hajaisahau, kwao mahali hapo haipo. Si wewe mwenyewe ulinieleza kwenye simu kwamba mệt ni kuchoka na linasimama lenyewe kama kitenzi, mẹ mệt, mama kachoka, hakuna 'ni' katikati? Na sisi tunasema mama ni amechoka? Hatusemi. Yule mtoto kafikiri sawasawa na wewe unavyofikiri ukiwa nyumbani, tofauti ni kwamba wewe ulishapigwa mpaka 'is' ikakaa. Hilo la kupigwa tuliache kwanza.

Halafu hiyo kampuni ya korosho. Hivi umeshajiuliza hizo korosho zinatoka wapi? Huku tunaziuza ghafi mnadani, zinaenda bandarini Mtwara, na sehemu kubwa inaishia huko huko Vietnam kubanguliwa, na mkoa wa Bình Phước ndo kitovu chao cha korosho (najua siku hizi imeunganishwa na Đồng Nai ila umesema watu bado wanaita jina la zamani). Inawezekana kabisa mama yake yule binti kashika gunia lililopita kwenye AMCOS yetu hapa, chama chetu cha ushirika. Vidole vya bibi yako unavijua vilivyokuwa kwa yale mafuta ya ganda, sina haja ya kukuhadithia. Mtoto wa mbangua korosho kasimama mbele ya mtoto wa mkulima wa korosho anamwambia mama kachoka, na mtoto wa mkulima anacheka. Iliniuma hapo.

Sisemi usimsahihishe, usinielewe vibaya. Nasema usimkate. Akianza sentensi mwache afike mwisho, hata kama imevunjika mara sita, afike, wewe mjibu kwanza alichosema, "Oh, she's very tired? What time does she come home?" hapo 'is' ataisikia, na 's' ataisikia, bila darasa kucheka. Makosa yaandike kwenye karatasi yako, mwisho wa kipindi weka ubaoni matatu tu bila jina la mtu. Matatu, sio kumi na tano, najua ulivyo, unataka kumaliza dunia kwa siku moja na hilo umelitoa kwangu.

Watoto wenyewe hawana mahali pengine pa kuongea. Mtihani wao wa kumaliza sekondari ni mwezi Juni wakiwa darasa la 12, na haupimi kuongea wala kusikiliza, ni kuchagua A B C D tu. Zamani yalikuwa maswali 50 kwa dakika 60, tangu 2025 yamekuwa 40 kwa dakika 50, na yale maswali ya kuchagua neno gani linatamkwa tofauti na mkazo uko silabi ipi yameondolewa, sasa sarufi na msamiati vinajificha ndani ya matangazo, vipeperushi na habari ndefu za kusoma. Tena Kiingereza sio lazima tena kwenye mtihani huo, lazima ni hesabu na fasihi, mengine mawili mtoto anachagua. Kwa hiyo darasani kwako wanakaa wote, ila mtihani wa Kiingereza anafanya aliyechagua mwenyewe, na ukimwaibisha mwaka huu mwakani atachagua kitu kingine.

Mazoezi ya ABCD usiyadharau lakini. Nimeona picha za zile fotokopi, kurasa na kurasa, na wewe umeandika hawa watoto wanakariri tu. Mama, sisi tulisomaje? Mpe zoezi lake, ila likiisha mwambie akueleze kwa nini B sio sahihi, hata kwa Kivietnam kidogo, hata kwa mikono. Anayejua kwa nini B imekataa huyo kaelewa. Anayejua tu kwamba jibu ni C kesho swali likigeuzwa kapotea.

Kuna kitu uliniambia mwezi wa pili mimi nikainuka kutoka kwenye kiti. Ulisema salamu yao ni ăn cơm chưa, umekula wali au bado, na mtu anajibu rồi, tayari, au chưa, bado. Basi hiyo ndo present perfect yenyewe mama! Tayari na bado! Mimi miaka yote nimeifundisha kwa kuchora mstari ubaoni, 'have' jumlisha kitenzi safu ya tatu, wanafunzi wananiangalia tu, kumbe ningeanza na umekula au bado wangeelewa kwa dakika kumi. Wewe unayo bahati, lugha yako na yao zinashikana hapo, Mwingereza aliyekaa darasa la jirani hawezi kuiona hiyo njia. Itumie. Kitenzi chao hakibadiliki sura, wanaweka đã ikiwa imepita, đang inaendelea, sẽ bado haijafika, na wakishataja jana basi hata đã wanaiacha, ndo maana wanaandika "Yesterday I go". Waambie kwetu tuna li, na, ta, ila zetu zimebanwa ndani ya neno. Watoto wanapenda kujua mwalimu naye ana lugha.

Na "In my class have 45 students", usiandike X kubwa nyekundu. Neno lao có ni kuwa na kitu na pia ni kuna kitu. Kuna yetu ni nini kama sio ku na na? Form One wangu waliandika "In our class it has" mpaka nikastaafu. Na ile "Although it rained, but we went", huyo ni Mmakonde kabisa huyo, ingawa mvua ilinyesha lakini tulienda, nani kati yetu anasema ingawa bila lakini.

Kwenye 's' ndo uwe na subira zaidi. Neno lao haliishii na 's' hata moja, linaishia irabu au sauti chache kama m, n, ng, p, t, k. Sisi tunaongeza irabu mwishoni, kabati, basi, koti, wao mwisho wanaumeza. Kwa hiyo 's' ya 'works' inawezekana anaijua vizuri kwenye karatasi ila mdomoni haitoki. Mfanye aipeleke kwenye neno linalofuata, "works in" iwe kama neno moja, worksin, worksin, itatoka. Usimfanye arudie peke yake kasimama. Darasa zima lirudie, na yeye awemo.

Nimerudi kule kule, nisamehe, lakini ndo kitu kinachonisumbua. Mtoto akikatwa mara mbili mbele ya wenzake hasemi tena. Anakuwa na maksi nzuri, anakuwa na adabu, anasimama ukiingia, anasema good morning teacher, basi. Juzi nilipanda bodaboda kutoka stendi, dereva mtu mzima ana watoto wake, kanishusha hapa getini akakataa nauli, akasema shikamoo mwalimu, mimi nikamwambia kwa kuzoea tu "How are you these days?" akaangalia tanki la pikipiki akajibu nzuri mwalimu. Alikuwa mkali wa msamiati yule. Wewe ulikuwa darasa moja naye na unajua ilikuwaje Form Two, na ile mbao ya shingoni ya aliyeongea Kiswahili, siirudii. Enzi zile ndo ilikuwa utaratibu wa shule, sikuubuni mimi. Lakini nauli alikataa, sijui kwa nini imenikaa hivi.

Umesema wanakuita cô, na kwamba neno hilo hilo ndo shangazi, dada wa baba, na wao wanajiita em, yani wadogo. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Shangazi yako alivyokuwa na wewe unajua mwenyewe.

Msamiati sasa. Kile kitabu chao cha darasa la 10 kinaanza na familia, nimeona umepiga picha wameandika "breadwinner" mara 20 kwenye daftari. Mara 20 ya nini? Neno hilo kwao ni trụ cột gia đình, nguzo ya familia, na sisi tunasema nguzo ya nyumba hivyo hivyo. Muulize kila mmoja nguzo ya nyumba yenu ni nani, aandike sentensi mbili za kweli. Hata yule binti wa darasa la 11 ukimuuliza ataandika mama. Neno ambalo mtoto kaliweka kwa mama yake halitamtoka, hata asipoliandika tena. Na wakariri maneno yakiwa yameshikana, 'do the laundry', 'make a decision', maana mtihani wao unapenda kuuliza hapo, 'do' au 'make', na hakuna kanuni ya kuwapa, ni kuyazoea tu pamoja.

La tuisheni, angalia sana. Uliniambia tangu Februari 2025 wizara yao imekataza mwalimu wa shule kuchukua pesa za tuisheni kwa wanafunzi wake mwenyewe wa darasani. Wakikuomba uwafundishe nyumbani kwa malipo waulize kwanza ofisini kwenu. Kibali chako cha kazi tulihangaikia miezi, ile kugonga mihuri ya cheti nusura tuuze shamba.

Najivunia wewe, hilo ulijue. Walimu wastaafu wenzangu nimewaambia wote, mtoto wa Masasi anafundisha Kiingereza Asia, mmoja akasema kwani Kiingereza ni cha kwenu, nikamwambia ni cha anayekifundisha vizuri. Ila hupigi simu. Mko mbele yetu masaa manne, mama yako anakaa na simu mpaka saa tatu usiku wakati kwenu ni saa saba umeshalala, mwambie ukweli uwe unapiga asubuhi. Bando la Halotel namnunulia, na mtandao wenyewe ni wa hao hao Wavietnam, kwa hiyo usiseme network.

Huku tupo. Salfa ya kupulizia mikorosho imeshaanza kugawiwa, mikorosho ya bondeni imechipua vizuri, ya juu ina ule ugonjwa wa ubwiriunga mapema mno. Ile pesa uliyotuma ya bati la jikoni nilinunua bomba la kupulizia, lile la zamani lilikuwa linavuja mgongoni. Nilitaka kukwambia. Mvua zimeisha, bati litangoja mauzo. Mama yako presha imeshuka, anakunywa dawa bila kukumbushwa, anataka ujue hivyo. Mdogo wako ana mtihani wa mock mwezi ujao, jana mezani kasema "the peoples is", nikanyamaza mpaka akamaliza habari yake yote ya mpira, mama yako akawa ananiangalia mimi.

Ile klipu naomba uifute kule kwenye grupu. Lakini kabla hujaifuta nitumie yote mimi, ile ndefu, kama bado iko kwenye simu yako. Uliikata pale aliposema "and after that". Na kama uliacha kurekodi hapo hapo basi Jumatatu muulize taratibu, akiwa peke yake, mama yake akirudi usiku halafu baada ya hapo wanafanyaje, uniandikie alivyosema, kwa maneno yake, usirekebishe kitu.

Baba yako