Mimi nitaishia mlangoni

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Nakuru. Jana mvua ilinyesha vizuri, na mahindi ya nyuma ya nyumba yameinua vichwa. Nisalimie nyanyako na shangazi zako wote hapo Kisumu. Nakuandikia sasa kuhusu safari yako ya ndege ya Ijumaa, kwa sababu ukifika Alhamisi nyumba itajaa wageni na maombi, na mimi na wewe hatutapata nafasi ya kuketi.

Miaka kumi na minane nimeendesha gari la watalii. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, nimefika mara nisizoweza kuhesabu. Niliufikia hata baada ya ule moto wa Agosti 2013, wageni wakipokelewa kwenye mahema. Lakini mama, ule mlango wa abiria wanaoondoka sijawahi kuuvuka. Askari anataka pasipoti na tiketi; asiyesafiri anabaki nje. Ijumaa nitakubebea begi hadi pale, kisha nitakuachia.

Ndege yako ni ya usiku, nasi tutatoka saa sita mchana. Usiniambie ni mapema mno. Niliwahi kumbeba mama mmoja mgeni aliyekuwa akirudi kwao kumzika dadake. Lori likaanguka Kinungi, njiani kwenda Nairobi, likalala katikati ya barabara, tukakaa hapo karibu saa nne nzima. Tulipofika Embakasi, uwanjani, kaunta ilikuwa imefungwa, maana za safari za nje hufungwa kama saa moja kabla ya ndege kuondoka. Alitoka kwa mlango ule ule alioingilia, akaketi juu ya begi lake. Hakulia, hakunilaumu. Kimya chake nakisikia mpaka leo. Kwa hivyo tukifika Westlands tutapanda ile barabara ya juu ya kulipia. Pesa yake nimeshaiweka kando.

Kabla ya majengo, gari litasimamishwa. Abiria mtashuka na kupita kwa miguu kwenye ukaguzi wa kando ya barabara, mimi nipite na gari, tukutane mbele. Usishtuke, ni kila mtu. Ila mkoba wenye pasipoti usiuache kitini. Ushuke nao.

Unasafiri na Kenya Airways, basi jengo lako ni 1A. Ndani utavua viatu na mshipi, kisha kaunta, kisha uhamiaji, kisha ukaguzi mwingine kabla ya kupanda. Foleni ni ndefu usiku, wewe nenda nayo polepole. Geti lililoandikwa kwenye karatasi yako linaweza kubadilishwa, kwa hivyo tazama ubao mara kwa mara na usilale.

Najua nyanyako anakusagia njugu. Tafadhali, chupa hiyo iingie kwenye begi kubwa. Katika begi la mkononi, kitu cha majimaji au cha kupaka hakiruhusiwi kama chombo chake kinazidi mililita 100, na njugu za kusaga huhesabiwa humo. Nyanyako amezikaanga kwa moshi wa kuni, akazipepeta, akazisaga kwa mikono ile inayomuuma. Sitaki ziishie kwenye pipa la taka mbele ya macho yako. Begi tutalipima hapa kwa mizani ya jirani mwenye duka la nafaka, nimeshazungumza naye. Kilo zikizidi, tupunguze tukiwa nyumbani, si wewe kupiga magoti sakafuni ukitoa nguo watu wakikutazama.

Na hili nakuomba kama baba: usibebe mzigo wa mtu. Awe amevaa suti, awe mama mwenye mtoto mgongoni, awe anazungumza lugha ya kwetu. Hata kama ni bahasha. Hata kama ni dawa za mgonjwa. Mwambie pole, kisha usogee karibu na askari. Utaulizwa kama begi umelipanga mwenyewe, na nataka ujibu ndiyo bila moyo kudunda. Mtu akikuona mkali, na akuone hivyo.

Ukishamalizana na uhamiaji, nitumie ujumbe, hata neno moja tu. Nitakuwa kwenye maegesho na mamako, chai iko kwenye thamosi. Gari silitoi pale mpaka niusome huo ujumbe.

Babako