Baba, kabla hujapanda treni Jumapili

Baba, nakuandikia huku kwenye simu maana ana kwa ana hatuwezani, tukianza kuongea mimi napandisha sauti na we unaingia chumbani. Soma yote, usirukeruke.

Jana jioni nilimpelekea mchicha mama wa geti la bluu. Nikamkuta mwanae kibarazani, kashika kikombe cha chai, kichwa kinashuka, kinashuka, mpaka kidevu kinagusa kifua, na kikombe nacho kinainama taratibu, mimi nimesimama nangoja chai imwagike nikadake, haimwagiki. Akashtuka, akaniona, akasema shikamoo mama, nikamwitikia, kabla sijamaliza kichwa kimeanza kushuka tena. Mama yake anafuta meza ile ile, anaifuta tu. Huyo kijana we unamjua alivyokuwa, mimi siyarudii.

Alikuwa ameshaanza dawa ya kuacha unga hospitali ya Mwananyamala, ile methadoni wanayokunywa kila siku mbele ya nesi, bure kabisa, lakini kutoka huku Goba mpaka kule kila asubuhi, nauli kwenda na kurudi, na mama yake biashara ilikuwa imelala, akakosa siku mbili, akakosa wiki, arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, ikamshika, akarudi kwenye unga. Mama anasema Jumatatu anampeleka tena, nimemwambia nauli ya mwezi huu natoa mimi.

Sasa ninachotaka kwako ni kimoja tu. Usinifiche.

Sisi wazazi wa huku tulijua mateja ni wa mjini, wa Manzese, wa Magomeni, wale wanaopiga debe stendi. Tukanunua viwanja, tukapandisha ukuta, tukaweka geti, tukaona watoto wamepona. Kumbe ukuta umetuziba macho sisi wenyewe. Kule tulikokuwa tumepanga, mtoto akivuta bangi kichochoroni saa nane, saa tisa mama yake keshaambiwa na watu wanne. Huku mtoto ana chumba chake, ana choo chake, boda inamletea mzigo mpaka getini na sisi tunajua ni chipsi. Mama wa geti la bluu mtungi wa gesi ulipotea akasema wezi, simu ikapotea akasema wezi, vijiko vikawa vinapungua akasema mafundi. Mwaka mzima. Na ni mwalimu, anakaa na watoto wa watu kutwa nzima.

Ile Desemba 2023 waliposema wamekamata kilo 3,182 za heroini na meth hapa Dar na Iringa, zimefungwa kwenye paketi za kahawa na majani ya chai, nilikuwa nakuna nazi, nikasema loh, nikaendelea kukuna. Sikufikiria kwamba kuna mtu angezinunua, na kwamba huyo mtu ana mama. Bangi mimi naijua kwa harufu, sasa wanaiweka kwenye biskuti na keki, nitainusa wapi? Huko hosteli mkifanya pati kula chakula unachokijua kimepikwa na nani. Skanka, ile bangi kali, usionje hata mara moja, na usiniambie kwamba ni majani tu, najua mnavyosemaga.

Umefaulu vizuri, mkopo umepata, nimemtangazia kila mtu kanisani mpaka mchungaji amechoka kunisikia. Lakini baba we huna moyo wa kumkatalia mtu. Rafiki akisema shika hiki unashika, akisema nikopeshe unakopesha mpaka nauli. Hicho ndicho kinachonikosesha usingizi, wala sio masomo. Sasa ikitokea, nasema ikitokea, umeonja, au umeshaingia, nipigie mimi kwanza. Usiku wa manane nipigie. Sitapiga kelele. Ukiona aibu kunipigia mimi, 119, ile namba ya mamlaka ya dawa za kulevya, ni ya bure, lakini nakuomba uanze na mimi, usinifiche.

Najua utasema mama hata nikikwambia ukweli huniamini. Siku ile ya begi. Harufu ya bangi ilikuwa ya fundi wa tailizi, aliniambia mwenyewe baadae kwamba alikuwa anavutia kule stoo, na we tayari nilikuwa nimeshakuchapa mbele ya wadogo zako. Toka siku ile huniambii kitu. Nimeliona hilo, sio kwamba sijaliona.

Haya, mambo ya safari. Godoro usibebe, utanunua Dodoma. Mchele kilo kumi uko kwenye ndoo nyeupe, dagaa nimewakaanga ila wapoe kwanza ndo ufunge mfuniko, mara ile ulifunga wakiwa wa moto wakaoza. Sweta lile la kijivu lichukue, Dodoma usiku kuna upepo. Chaja mbovu iache, nitamwambia baba yako akuletee nyingine akitoka Kariakoo.

Na pampu ya kisima. Jana mama wa geti la bluu ameniambia mwenyewe, analia, kwamba ile pampu yetu aliichukua mwanae, akaiuza kwa watu wa vyuma chakavu. Ile ambayo tulisema kaiiba dada wa kazi. Nilimtoa usiku na begi lake, mshahara wa mwezi ule sikumpa, nilisema tumefidia pampu, na we ulisimama pale mlangoni ukaniambia mama sio yeye, nikakwambia nyamaza.

Najua una namba yake, mdogo wako kaniambia huwa mnachati. Nitumie leo, kabla hujalala. Niandikie na jina la kijiji chao kule Singida, maana nililisahau, na kama sa hivi anafanya kazi au amerudi kwao.

Mama