Sisi wa podikasti tumeachwa getini

Mhariri,

Narekodi podikasti yangu chumbani, Majengo, godoro nimeliegemeza ukutani kuzuia mwangwi. Adhana ikianza, nangoja. Habari zangu ni siasa za intaneti: nani aweza kuizima, na kwa sheria gani. Juni 25, 2024, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, mtandao ulizorota nchini na kipindi changu kikakwama njiani.

Nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zaingilia pwani yetu hii tangu 2009, ila kanuni hujadiliwa Nairobi. Juzi kikao kimoja kilifanyika huku, nikaenda. Askari wa getini akaniuliza, “Watoka gazeti gani wewe?” Nikamwonyesha simu. Akacheka, kisha akafunga. Nauliza waandaaji: kadi ya mwandishi wa kujitegemea yapatikana wapi?

Mtangazaji wa kujitegemea,
Mombasa