Nyumba imeisha, maongezi nayo yameisha

Anti, habari za leo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma. Mume wangu ana duka la vipuri vya pikipiki, watoto tunao watatu. Mwaka jana tulihamia kwetu, Mkonze. Kiwanja tulikinunua kabla serikali haijatangaza kuhamia huku mwaka 2016, bei ikiwa bado ya watu kama sisi. Kujenga ndiko kulikotutoa jasho. Msingi ulikaa mpaka ukaota majani, kuta tukapandisha kwa mkopo wa mshahara wangu, kupaua kwa hela ya vikoba.

Miaka yote hiyo Jumamosi yetu ilikuwa saiti. Ananipakia kwenye pikipiki, njia nzima tunabishana: saruji imepanda, fundi kaomba advansi tena, tuweke bati la rangi au la kawaida. Kwenye kenchi tuligombana mpaka fundi akatuamua! Lakini tulikuwa tunaongea, Anti. Usiku tunapiga hesabu nyuma ya daftari la mtoto, tunacheka wenyewe.

Siku ya kuhamia mama mkwe alikuja na kuku kutoka Mpwapwa, mchungaji akaomba, watu wakala. Wiki za mwanzo nilikuwa naamka usiku nawasha taa ili nione ukuta tu. Halafu ikapita. Siku hizi tukishakula, kila mtu na simu yake. Mume wangu akiongea, ni kuuliza umeme wa LUKU umebaki ngapi.

Nahisi hata yeye kaliona, ila dawa yake inanitisha. Anataka nikope tena tununue kiwanja Nala, eti mtu mzima hakai bila mradi. Mshahara wenyewe ndio kwanza umepumua makato. Nikikataa, naambiwa nimeridhika mapema. Wenzangu wa vikoba wanasema haya ni malalamiko ya mtu aliyeshiba, wengine bado wanagombana na mwenye nyumba kwa bili ya maji. Ni kweli, na ndiyo maana dada yangu, ambaye bado amepanga, sijamgusia.

Yanayonifurahisha sasa ni madogo mno. Mpapai nilioupanda tulipohamia umebeba. Kitinda mimba wetu ameanza kujisomea maandishi ya daladala, kwa sauti, abiria wote wanamsikia. Nikimsimulia baba yake, anasema "safi", macho yako kwenye simu.

Nikubali Nala ili tupate tena la kuongea, au nitakuwa nalipia riba maongezi ya mume wangu mwenyewe? Na ninyi mliomaliza kujenga zamani, Jumamosi mlikuwa mnafanya nini na wenzenu? Naomba mnijibu kabla ya mwisho wa mwezi, maana fomu za mkopo ameshazileta nyumbani, imebaki sahihi yangu.

Mama wa Mkonze, Dodoma