Krismasi njema kutoka kwenye ukumbi mweupe wa Herrnhut

Ndugu zangu wa Rungwe, Mbeya, Tabora na kokote mlikotawanyika, Bwana Yesu asifiwe. Heri ya Krismasi.

Mwaka huu salamu zangu zinatoka Herrnhut, chimbuko la kanisa letu la Moravian, jina lile tulilolikariri Shule ya Jumapili bila kujua kama ni mji au ni mtu. Ni kamji tu, huku mashariki ya Ujerumani, karibu na mipaka ya Poland na Czech. Saa kumi jioni giza limeshaanza kuingia, na karibu kila mlango una nyota ya karatasi inayowaka.

Nilikuja na picha ya kanisa kubwa kichwani. Hapa ndipo Zinzendorf, kabaila mwenye ardhi hii, alipowapokea wakimbizi wa dini kutoka Moravia mwaka 1722, hapa ndipo walipoagwa wamisionari akina Theodor Meyer waliofika Rungwe mwaka 1891. Basi nikatarajia mnara wa kunivunja shingo. Nikaona jengo refu lenye paa zito na kamnara kadogo juu yake, ukipita haraka utadhani ni shule ya zamani. Wenyewe hata hawaliiti kanisa. Wanaliita Ukumbi.

Ndani ni weupe mtupu: kuta nyeupe, benchi nyeupe, madirisha marefu yenye vioo visivyo na rangi. Hakuna madhabahu, hakuna mimbari, hakuna sanamu. Nilikaa nikitafuta pa kuelekeza macho nikapakosa, nikaishia kuwatazama watu. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba fundi alikusudia hivyo. Sisi tumezoea kanisa refu kama treni, mchungaji mbele kabisa, na waliochelewa nyuma wanaona visogo. Ukumbi huu umegeuzwa ubavu. Meza ya anayeongoza ibada imewekwa katikati ya ukuta mrefu, benchi zimetandazwa kulia na kushoto kwake, hivyo hakuna aliye mbali naye. Zamani kina mama walikaa upande wao na kina baba upande wao, kila upande na mlango wake. Nikamkumbuka bibi, ambaye mpaka anafariki hakuwahi kukaa benchi la kulia, na ukimwuliza kwa nini alikujibu, "Ndivyo ilivyo." Kumbe hiyo "ndivyo ilivyo" ilisafiri kutoka mbali.

Ukumbi ulijengwa mwaka 1756 hadi 1757. Mei 1945, vita inaisha kabisa, katikati ya mji kuliteketea na Ukumbi ukaungua nao. Hapo ndipo mimi ninapowavulia kofia watu hawa. Hela hawakuwa nazo, nchi ilikuwa magofu, na serikali mpya haikuwa rafiki wa makanisa. Hata hivyo kufikia 1953 walikuwa wameusimamisha tena, mweupe uleule, mtupu uleule. Mtu aliyeunguliwa na nyumba kwa kawaida akijenga upya huongeza chumba, huweka na urembo kidogo wa kuonyesha kwamba amefufuka. Wao hawakuongeza. Mwaka 2024 UNESCO wakauingiza mji huu kwenye Urithi wa Dunia, pamoja na miji mingine ya Wamoravian, Bethlehem ya Pennsylvania, Marekani, na Gracehill ya Ireland Kaskazini, wakiunganishwa na Christiansfeld ya Denmark iliyotangulia mwaka 2015.

Turudi kwenye nyota, maana msimu ni wake. Ilianza karne ya 19 kwenye shule ya bweni ya Niesky, si mbali na hapa, kama zoezi la jiometri. Ina ncha 25: 17 zenye kitako cha pembe nne na nane zenye kitako cha pembe tatu. Nafasi ya ncha ya 26, ile ya juu, huachwa wazi kwa ajili ya waya na taa. Shule za namna ile zilijaa watoto ambao wazazi wao walikuwa misheni ng'ambo, miaka inapita hawajaonana. Nimenunua yangu na kuiunganisha mwenyewe ncha kwa ncha, saa mbili nzima, vidole vinauma, nikawa nawafikiria watoto wale wakikata karatasi huku mama yuko bara jingine. Itawaka mpaka tarehe 6 Januari.

Sasa niseme lililonikaa rohoni, mnisamehe maana ni sikukuu. Lile kanisa nililobatizwa, la matofali ya kuchoma na mabati yaliyopauka, mmeniambia kamati imepanga kulitengeneza. Paa linavuja, najua, litengenezeni, na mchango wangu nimeshatuma. Lakini nimesikia madirisha ya mbao yatang'olewa yawekwe ya alumini, sakafu ivikwe vigae vinavyong'aa, na dari ipate gipsamu yenye taa za rangi. Wazee wangu, mbao za madirisha yale zilipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu na mmoja ndani ya shimo. Ukipitisha kiganja kwenye fremu ya dirisha la tatu, upande wa kina mama, alama za meno ya msumeno zinashikika mpaka leo. Nilizipapasa utoto wangu wote wakati mahubiri yakirefuka. Fundi seremala mzuri anaweza kubadilisha kipande kilichooza tu na kuacha vingine.

Kesho usiku tutakuwa Ukumbini, watoto watapewa mishumaa, na mimi nitaimba kwa Kijerumani changu cha kubahatisha. Nyie mtakuwa na tarumbeta, wali na kuku, na matope mpaka magotini, maana mvua za huko nazijua. Msalimieni mama mkwe. Na mwenye simu nzuri, kabla fundi hajaanza, anipigie picha ya lile dirisha la tatu, karibu kabisa, asubuhi jua likiwa linaingia.